Mtoto aliyezaliwa na virusi vya CMV: mwongozo kamili wa kufuatilia masikio na hatua zake za ukuaji hadi miaka mitatu

Kosa ni lile lile. Mtoto alipimwa masikio siku ya pili, mashine ikaonyesha anasikia, wazazi wakashusha pumzi, karatasi ikawekwa kabatini. Mwaka mmoja na nusu baadaye haitiki akiitwa, na kila mtu nyumbani ana maelezo yake: mkaidi huyo, kazama kwenye mchezo, wa kiume huchelewa, baba yake naye alikuwa hivi hivi. Anapofikishwa kwa mtaalamu usikivu wa masikio yote mawili umeshuka, na miezi ambayo ubongo hunyonya lugha kwa kasi imeshapita.

Katika maambukizi yote ya virusi ambayo mtoto huzaliwa nayo, CMV (kirefu chake cytomegalovirus) ndiyo inayoongoza duniani. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi walioambukizwa tumboni huzaliwa na dalili: uzito mdogo, manjano, vidoti vyekundu kwenye ngozi, ini au bandama kubwa, kichwa kidogo. Waliobaki huonekana wazima kabisa, lakini kati ya kila 100 wa kundi hilo 10 hadi 15 hupata tatizo baadaye, na mara nyingi tatizo lenyewe ni la kusikia. Linaweza kuanza mtoto akiwa na miezi, linaweza kuanza akiwa na miaka. Linaweza kushika sikio moja kwanza, kisha la pili. Kipimo cha siku ya pili kinasema habari za siku ya pili tu.

Ukifuata hatua zilizo hapa chini hutampa mtoto kinga ya kutopata shida. Utakachopata ni kuiona mapema, wakati bado kuna mengi ya kufanya.

## Andaa hivi kwanza

- Kadi ya kliniki ya mtoto (Kenya, kile kijitabu cha mama na mtoto).
- Kaunta buku moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kalamu isiyofungwa hupotea wiki ya kwanza.
- Futi ya fundi cherehani iliyo mpya. Iliyotumika sana hutanuka na itakudanganya.
- Simu inayopiga video, yenye nafasi.
- Kopo dogo lenye mchele au mchanga, lifunikwe vizuri. Manyanga ya dukani pia yanafaa.
- Kikombe cha bati na kijiko.
- Mkeka, na mpira wa matambara.
- Mtu wa pili kwa dakika kumi, mara moja kwa mwezi. Hiki ndicho kifaa kigumu kupatikana kuliko vyote, basi kipangie siku.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa uko kwenye karatasi

Kipimo kinachothibitisha kwamba mtoto aliambukizwa tumboni ni cha mkojo au mate, na sampuli lazima ichukuliwe ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo maabara itaona virusi lakini haitaweza kusema kama mtoto alizaliwa navyo au alivipata baadaye, pengine kwenye maziwa ya mama.

Ikiwa ni mate, subiri angalau saa moja baada ya kunyonyesha. Maziwa yaliyobaki mdomoni yanaweza kuleta jibu la uongo. Jibu la mate likionyesha virusi, daktari kwa kawaida huomba na mkojo ili kuhakikisha.

Onyo: usiache kunyonyesha kwa sababu ya CMV. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni anyonye kama wengine, na chanjo zake ziende kwa ratiba ile ile ya kila mtoto.

Kuhusu dawa. Ipo inayoitwa valgansiklovia, nayo hufikiriwa kwa watoto waliozaliwa na dalili. Ilichunguzwa kwa kuanzwa ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha na kutumiwa kwa miezi 6, huku damu ikipimwa mara kwa mara kwa kuwa hushusha chembe nyeupe. Ndiyo sababu haifai kununuliwa kwa kuulizia dukani. Muulize daktari wa watoto mapema, wala usingoje "hadi akue kidogo".

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi inayotaja aina ya sampuli, tarehe ilipochukuliwa na jibu. Kama siku 21 zimeshapita, usikate tamaa. Daktari anaweza kuandika kwamba kuna uwezekano, na hatua zote zinazofuata utazifanya vile vile.

## Hatua ya 2: Fungua daftari, na ujue umri halisi wa mtoto

Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya kuzaliwa, wiki za mimba, uzito na mzunguko wa kichwa siku aliyozaliwa. Vyote viko kwenye karatasi za wodi ya wazazi.

Wiki za mimba zina kazi. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8. Akitimiza miezi 6 kwa kalenda, hatua zake mpime kama mtoto wa miezi 4. Fanya hesabu hiyo hadi afike miaka miwili. Ukiisahau utakesha bure kwa hofu, na ukiitumia kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake utajifariji kwa uongo.

Kisha tenga kurasa nne: MASIKIO, KICHWA, MWILI, MANENO NA MACHO. Kila ingizo lianze na tarehe. "Juzijuzi" haimsaidii mtaalamu yeyote.

## Hatua ya 3: Jaza kalenda ya masikio leo, si baadaye

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2017 kwa watoto wa CMV ulitaka masikio yapimwe kila miezi 3 hadi 6 katika mwaka wa kwanza, kila miezi 6 hadi afikishe miaka 3, kisha mara moja kwa mwaka hadi miaka 6. Kwetu mashine ni chache na foleni ndefu. Ikiwa huwezi kufuata yote, shika angalau hizi: kabla ya miezi 3, miezi 6, 12, 18, 24 na 36. Ziandike zote kwa tarehe kamili katika ukurasa wa MASIKIO sasa hivi, hata ile ya miaka mitatu.

Kuna vipimo viwili utakavyovisikia. OAE ni wa haraka: kijipira kinawekwa sikioni, na mashine inasikiliza mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. ABR huchukua muda mrefu zaidi. Vibandiko vinawekwa kichwani na mtoto analala, kisha mashine inasoma kama sauti imefika hadi kwenye njia za neva kuelekea ubongo. Mtoto wa CMV anahitaji ABR pia. Omba kwa jina lake. Mpeleke akiwa ameshindishwa macho na ana njaa, umnyonyeshe pale pale ili alale. Akifika ameshalala njiani kwenye daladala, ataamka mlangoni na mtarudi nyumbani mikono mitupu.

Kipimo kikionyesha amefaulu, andika: "Kulia sawa, kushoto sawa, tarehe fulani." Kila sikio na jibu lake. Neno "anasikia" peke yake halitoshi, maana mtoto mwenye sikio moja zima naye anasikia.

Kisicho sawa kikionekana, lengo ni uthibitisho kabla ya miezi 3 na msaada kabla ya miezi 6 kwa yule aliyezaliwa na tatizo. Kwa yule ambaye tatizo limekuja baadaye, hesabu wiki, si miezi.

Onyo: usaha sikioni au mafua yasiyoisha hushusha usikivu juu ya ule ulioshushwa na virusi. Usimdondoshee mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala maziwa. Mpeleke atibiwe, kisha apimwe upya.

## Hatua ya 4: Jaribio la sauti nyumbani, mara moja kwa mwezi

Jaribio hili linaweza kukutia shaka. Haliwezi kukutoa shaka. Lisome tena hilo kabla ya kuendelea.

Anza akiwa na miezi 6, wakati mtoto anaweza kugeuza kichwa kutafuta sauti ilipo. Chagua saa ambayo ameshiba, hajasinzia, na redio ya jirani imezimwa.

1. Mpakate kwenye mkeka, uso wake kwa mtu wa pili aliyekaa mbele. Huyo wa mbele amshughulishe kwa kitu kidogo, kisha akifiche.
2. Wewe usigeuke wala usiinue macho. Watoto wanasoma uso wa mama kuliko tunavyodhani.
3. Mtu wa tatu, au yule wa mbele akizunguka taratibu, akae nyuma kidogo, upande, umbali wa hatua moja, usawa wa sikio. Atikise kopo la mchele polepole. Subiri sekunde tano.
4. Upande wa pili. Kisha kijiko kwenye kikombe, kwa kugusa tu. Kisha sauti ya kunong'ona: "sss, sss".
5. Changanya pande. Ukifuata kulia, kushoto, kulia, kushoto, mtoto atajua zamu.

Makosa yanayoharibu jaribio ni haya: kivuli kupita ukutani, upepo wa kanga, harufu ya manukato, nyayo kwenye sakafu ya mbao. Na lile kubwa kuliko yote, kupiga makofi au kubamiza mlango. Mtoto asiyesikia kabisa atashtuka mlango ukibamizwa, kwa sababu mwili wake umehisi mtikisiko. Nimewaona akina bibi wakiapa kwa ushahidi wa sufuria iliyoanguka. Sufuria haihesabiki.

Mafanikio ni mtoto kugeuka upande sahihi, kwa sauti ndogo, pande zote mbili, zaidi ya mara moja. Akishindwa leo, rudia kesho na keshokutwa. Akishindwa siku tatu, au akigeuka daima upande mmoja tu, usingoje tarehe ya kalenda.

## Hatua ya 5: Pima kichwa

Virusi hivi vinaweza kugusa ubongo wenyewe, na kichwa ndicho dirisha la bei nafuu. Pitisha futi juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi kwenye kisogo pale palipotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote. Mwenye misuko au mabutu, pima siku ya kufumua.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati hukua kichwa takriban sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza, sentimita 1 kwa mwezi katika mitatu inayofuata, halafu nusu sentimita kwa mwezi hadi mwaka. Akitimiza mwaka huwa kwenye 45 au 46 hivi. Usiogope namba moja iliyo pembeni, tazama mstari. Mstari uliosimama, au unaopanda ghafla kuliko zamani, ndio wa kupeleka kliniki.

## Hatua ya 6: Mwili, kwa mipaka ya kweli

Acha kulinganisha na mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani liliwafuata watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likapata vipindi ambavyo karibu wote hufikia kila hatua:

- Kukaa bila kushikiliwa: miezi 3.8 hadi 9.2
- Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 hadi 13.5
- Kusimama dede: 6.9 hadi 16.9
- Kutembea mwenyewe: 8.2 hadi 17.6

Unaona upana wake. Mtoto wa miezi 13 asiyetembea hajachelewa. Wa miezi 18 asiyetembea amechelewa, hata kama ukoo mzima ulitembea hivyo. Kutambaa kukikosekana peke yake si tatizo, kwa kuwa wapo wazima wasiotambaa kabisa.

Kwa mtoto wa CMV ongeza haya: shingo haijakaza akiwa na miezi 4, vidole gumba vimekunjwa ndani ya ngumi baada ya hapo, miguu inapishana kama mkasi ukimnyanyua, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Hilo la mwisho watu hulishangilia, "atakuwa wa mashoto huyu!", kumbe upande wa pili ni dhaifu.

Jambo ambalo wazazi wachache huambiwa ni kwamba sikio la ndani pia ndilo linalobeba usawa wa mwili. CMV ikiligusa, mtoto hukawia kukaa na kutembea, huyumba, huanguka gizani kuliko mchana, hali misuli yake ni mizima. Mtaalamu wa mazoezi tiba aambiwe kuhusu CMV siku ya kwanza, asije akatafuta sababu miguuni pekee.

Onyo: usimfukie kwenye shimo la mchanga hadi kiunoni ili miguu "ikaze". Usimweke kwenye kigari cha kutembelea, hakiharakishi kutembea na kinaangusha watoto ngazini. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Mkeka, mpira wa matambara na dakika kadhaa za kulalia tumbo kila siku vinamtosha.

## Hatua ya 7: Maneno na macho

Mtoto kiziwi naye hutoa sauti za "aaa, guu" katika miezi ya kwanza. Usizihesabu kama ushahidi. Unachosubiri ni kubwabwaja kwenye konsonanti, ba-ba-ba, da-da-da, maana huko kunategemea kusikia. Kama hakujaanza akiwa na miezi 10, hiyo ni sababu tosha ya kupima masikio upya.

Akiwa na mwaka ageuke akiitwa jina, apunge mkono, anyooshe kidole. Kwenye miezi 18 awe na maneno kadhaa yenye maana, na "nyonyo" ni neno. Akiwa na miaka miwili aunganishe mawili: "taka uji", "baba kaenda". Nyumba yenye lugha mbili, hesabu maneno ya lugha zote pamoja. Lugha mbili hazimfanyi mtoto achelewe, wala huhitaji kuacha Kisukuma au Kikamba cha bibi.

Msikubali mtu amkate kimeo au chini ya ulimi ili aongee. Ulimi haujui neno ambalo sikio halikuleta.

Macho: afuate uso wako kufikia miezi 3. Mboni yenye weupe (mtoto wa jicho), makengeza yasiyokoma baada ya miezi 4, au macho yanayochezacheza yapelekwe kwa daktari wa macho. Hata asiyeonyesha kitu, aangaliwe nyuma ya jicho angalau mara moja, kwa sababu CMV huweza kuacha kovu hapo.

## Mambo mawili yasiyongoja daftari

Mtoto anayekunja mwili ghafla kama aliyeshtuka, mara nyingi mfululizo, hasa akiamka usingizini, katika mwaka wa kwanza. Watu husema ni tumbo. Piga video dakika moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni aina ya kifafa cha watoto wachanga, na kila siku ya kuchelewa inaumiza ubongo.

La pili ni kupoteza alichokwishakiweza. Alikuwa akikaa, hakai tena. Alikuwa akisema "mama", kanyamaza. Umri wowote ule, hilo ni la haraka.

## Hatua ya 8: Video, kisha maneno sita kliniki

Mtoto akifika kliniki hulala, hulia au hujikunyata. Daktari anamwona kwa dakika chache, anasema "tumpe muda". Video ndiyo dawa ya hili. Kila mwezi piga tatu, sekunde 30 kila moja: akiwa mkekani, akiitwa kwa nyuma, akicheza na kitu. Zipe majina ya tarehe.

Ukiingia chumbani, usianze na "nahisi kama hayuko sawa". Sema hivi:

"Ana miezi 10. Alizaliwa na CMV, majibu haya hapa. Alipimwa masikio siku ya pili na miezi 4, yote mawili sawa. Tangu mwezi uliopita hageuki sauti ikitoka kushoto, nimejaribu siku tatu. Hajaanza ba-ba-ba. Naomba apimwe ABR."

Umri, ugonjwa, vipimo, badiliko, ushahidi, ombi. Ukijibiwa "subiri", uliza kwa adabu: "Nisubiri hadi tarehe gani, na nirudi nikiona nini?" Andika jibu mbele yake. Nimeona jibu likibadilika kalamu inapotoka.

## Hatua ya 9: Wakati unangoja rufaa

Kungoja si kukaa. Zungumza naye uso kwa uso, karibu, kwenye mwanga, ukimfuata anachotazama badala ya kumvutia unachotaka wewe. Onyesha kwa mkono unachokisema: maji, njoo, imeisha, lala. Ishara hazimzuii mtoto kuongea. Kama usikivu umethibitika kupotea, anzeni Lugha ya Alama mapema, nyote nyumbani pamoja na ndugu zake. Hilo halipingani na shimesikio (kifaa cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti) wala upasuaji.

Shimesikio likitolewa, livaliwe muda wote akiwa macho. Wengi huliweka kabatini lisipotee, likabaki salama na mtoto akabaki bila sauti. Lifunge kwa uzi kwenye nguo. Lisipomsaidia, ulizia kupandikiziwa kifaa ndani ya sikio. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Kwa mazoezi tiba, hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inawahudumia watoto, na Kenya vituo vya tathmini ya elimu maalumu (EARC) hutathmini watoto na kuwaelekeza shule.

## Na wale wanaombeba

Mtoto huyu hatengwi. Virusi vipo kwenye mate na mkojo wake kwa miaka, lakini vipo pia kwa watoto wengi wa mtaani ambao hakuna aliyewapima. Shangazi mjamzito anaweza kumbeba na kucheza naye. Anawe mikono kwa sabuni baada ya kubadili nepi na kufuta mate, asimalizie uji wake kwa kijiko kile kile, na busu liwe la kichwani, si la mdomoni.